Macho Mazima ya Mama Asiimwe

Cleophace aliinama juu ya turubai la kahawa, akachota kiganja kimoja, akakifungua juani, kisha akamtazama mwenye turubai kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekutwa anakula chaki.

"Mama," alisema, "hii ni nini?"

"Kahawa."

"Kahawa naiona. Nauliza ya rangi gani."

Mackrine, ambaye kijiji kizima cha Ihanda kilimwita Mama Asiimwe kwa jina la mwanawe wa kwanza, alisogea karibu. Pale uwanjani jua lilikuwa kali na aliona vizuri kabisa, na alichokiona kilimfanya atamani kukimbilia jikoni. Katikati ya matunda mekundu yalijaa matunda ya kijani, mabichi, magumu kama kokoto. Hayakuwa mawili matatu ya kupitiwa. Yalikuwa nusu ya turubai, na turubai lote lilikuwa kazi ya mikono yake tangu asubuhi.

"Wiki iliyopita nilinyamaza," alisema Cleophace, ambaye kikundi cha wakulima kilikuwa kimempa kazi ya kukagua kahawa kabla haijakauka. "Nilisema huyu ni mama wa kanisani, labda alichuma na wajukuu. Leo nikinyamaza, mzigo wa kikundi kizima utarudishwa. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kahawa mbichi haichumwi."

Wakati huo mumewe, Nolasco, alikuwa anatoka kwenye migomba na panga lake begani. Alitupa jicho kwenye turubai, akaacha kutembea.

"Mama Asiimwe! Nyekundu! Nimesema mara ngapi? Nyekundu!"

"Nilichuma nyekundu."

"Hii ni nyekundu?"

"Kule chini ya migomba ilikuwa nyekundu."

Cleophace akacheka hadi akashika magoti. "Mzee Nolasco, kahawa yako ina miujiza. Ikivuka uwanja inabadilika rangi."

Mackrine hakucheka. Mwaka mzima alikuwa anasema jambo moja, na mwaka mzima jambo hilo lilikuwa linamrudia kama kichekesho. Akiwa amekaa mlangoni pake aliweza kutunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Biblia yake ndogo aliisoma uwanjani bila miwani. Lakini akiingia tu kwenye kibanja, mahali ambapo mibuni imesimama chini ya kivuli cha migomba kama alivyoipanda baba mkwe wake, vitu vilipoteza kingo zake. Nyekundu na kijani vilikuwa rangi moja, rangi ya maji yaliyooshewa sufuria. Alikuwa anachuma kwa kupapasa, na vidole havijui rangi.

Rangi nazo zilikuwa zimeanza kumfanyia vituko vyake. Wakati wa Pasaka kina mama wa kwaya walikubaliana kununua vilemba vya bluu. Mackrine akaenda mnadani, akachagua chake kwa makini, akakifunga vizuri, akasimama mstari wa mbele. Watu walipoanza kugongana viwiko ndipo mkwewe, Ainembabazi, alipomnong'oneza: "Mama, hicho ni cha kijani." Akabisha. Alibisha mpaka uwanjani baada ya ibada, mbele ya mchungaji, kwa sababu yeye alikuwa anaona bluu. Tangu siku hiyo wenzake walimtania kwamba anaimba sauti ya tano.

"Ni macho," alimwambia Nolasco tena, Cleophace alipokwisha kuondoka na vicheko vyake.

"Macho gani? Jana umeniona natoa kipande cha nyama kwenye sufuria, nawe ulikuwa kule bombani."

"Jana kulikuwa na jua."

"Kwa hiyo unaumwa kivuli?"

"Ndiyo!"

Nolasco aliweka panga chini taratibu, kama mtu anayeogopa kulishika akiwa na hasira. "Basi kesho tunakwenda zahanati. Tabibu apime, aseme, tuachane na haya maneno. Kahawa inaiva, mimi sina wafanyakazi, na mke wangu anaumwa kivuli."

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde. Tabibu wake, Novatus, alikuwa kijana mwenye haraka, na chati ya herufi aliitundika barazani, juani, kwa sababu chumbani hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma hatua za kutosha. Mackrine alifunika jicho la kulia, akasoma. Akafunika la kushoto, akasoma. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kama sisimizi, na alipokuwa anaumaliza alijua amejichimbia shimo.

"Sita kwa sita!" alisema Novatus. "Mama, una macho ya msichana."

"Umesikia?" alisema Nolasco. "Mimi mwenyewe huo mstari wa mwisho siuoni. Mimi ndiye mgonjwa hapa."

"Baba, tatizo liko kivulini," Mackrine alimwambia tabibu. "Na rangi. Mimi nina kisukari, huu ni mwaka wa sita. Nimesikia kinaingia machoni. Niandikie rufaa nikaonane na daktari wa macho."

"Niandike nini, mama? Niandike mgonjwa anaona vizuri, tafadhali mtibuni? Kivulini kila mtu anaona hafifu." Akamchoma kidole, akaangalia kipimo, uso ukabadilika. "Ila hapa kuna jambo. Sukari iko kumi na tatu. Mwezi uliopita kumi na mbili. Vidonge unakunywa?"

"Kila siku."

"Sukari unatumia?"

"Sijaonja sukari miaka sita. Chai nakunywa kavu. Soda sinywi. Harusi ya Asiimwe, mwanangu mwenyewe, sikula keki."

"Mama, kipimo hakidanganyi."

"Na mimi sidanganyi! Mimi ni mtu niliyeokoka!"

"Walokole nao wanaramba asali," alisema Novatus, akaita mgonjwa mwingine.

Njiani kurudi Nolasco alikuwa mchangamfu kama aliyeshinda kesi. Alisalimiana na kila waliyekutana naye, na kwa kila mmoja alipata nafasi ya kusema kwamba mke wake ana macho ya msichana. Mackrine alitembea nyuma yake akiomba kimoyomoyo. Bwana, nipe uvumilivu. Bwana, unajua sijala asali. Bwana, kama ni kunijaribu, nijaribu na jambo lingine, hili nimelichoka.

Kesho yake alirudishwa kivulini kuchuma. Kila akijaza kikapu alikibeba mpaka uwanjani, akakimwaga, akaondoa mbichi, akarudi. Kazi ya saa moja ilichukua asubuhi nzima. Nolasco alipita, akatikisa kichwa, akasema neno moja tu, "Makusudi," akaendelea na safari yake.

Lakini Nolasco hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linamchosha zaidi Mackrine, kwa sababu mtu mbaya angekuwa rahisi kumkasirikia. Jumamosi hiyo, kama kila Jumamosi tangu mkewe akatazwe sukari, alivua shati, akamenya ndizi zilizoivishwa, akazimwaga kwenye hori la mti pamoja na majani, akazikanyaga na kuzikamua mpaka maji yake matamu yakatoka. Zamani, kabla hawajaokoka, maji hayo angeyachanganya na mtama na kuyaacha yachachuke yawe rubisi, pombe ya ndizi. Sasa aliyachuja yakiwa mabichi, akayachemsha ili yasichachuke wiki nzima, akayapoza, akayajaza kwenye dumu safi, akamletea mkewe kikombe cha kwanza kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mama Asiimwe. Wamekunyima sukari ya dukani, hii ya shambani hawakukunyima. Na pombe siyo."

Mackrine akanywa. Yalikuwa baridi na matamu, na kwa muda mfupi alimsamehe kila kitu.

Jumatatu dada yake, Deodatha, aliyeolewa Isingiro, wilayani Kyerwa, alipiga simu.

"Dada, Alhamisi wanakuja madaktari wa macho hapa hospitali. Siku moja tu, kisha wanakwenda kwingine. Wakiondoka hapa mpaka miezi mitatu minne. Rufaa hawaulizi."

"Nakuja."

"Njoo na mtu. Wakikutia dawa machoni huwezi kurudi peke yako. Mimi nitakuwa shuleni nasimamia mtihani, la sivyo ningekushika mkono."

Nolasco alisikia yote, kwa kuwa Deodatha hajui kuongea polepole.

"Alhamisi ni siku ya kuchuma," alisema.

"Nitachuma nini? Mbichi?"

"Umepimwa! Tabibu ameandika kwenye daftari lako kwa wino! Unataka nani akupime, malaika?"

Mackrine aliweka simu kwenye dirisha. Alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo Nolasco aliiogopa kuliko kelele. "Baba Asiimwe, mimi nina macho mawili. Kila mwezi naona kidogo kuliko mwezi uliopita. Siku yakizimika utanishika mkono kunipeleka chooni. Alhamisi nakwenda Isingiro. Ukitaka njoo, usipotaka nitamwomba Mungu anionyeshe njia ya kurudi."

Nolasco alifikiri sana, kisha uso wake ukang'aa. "Nitakuja," alisema. "Nitakuja nisikie kwa masikio yangu mwenyewe huyo daktari mkubwa akikwambia kwamba macho ni mazima. Nikisikia, jambo hili tusilirudie mpaka siku ya kiama."

"Vizuri."

"Kwa masikio yangu."

"Nimesikia!"

Alhamisi walipanda pikipiki mpaka barabara kuu, wakapata gari, na kabla ya saa nne walikuwa wamekaa kwenye benchi la hospitali kati ya wazee wenye mtoto wa jicho na wanafunzi waliotaka miwani. Waliombwa wasubiri. Wakasubiri. Nesi akamwingiza Mackrine ndani peke yake asome karatasi, akamrudisha kwenye benchi, akamtia matone machoni, akamwambia afumbe, akarudi akamtia mengine. Nolasco alivumilia mpaka saa sita. Ndipo akaona ng'ambo ya ua mtu aliyekuwa anashusha miche ya kahawa kwenye pikipiki.

"Ile miche inaonekana ya aina mpya," alisema. "Ngoja nimuulize mara moja."

"Usiende. Sasa hivi wataniita."

"Mara moja tu."

Hata hajavuka ua, jina la Mackrine likaitwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaitwa Margreth, na chumba chake kilikuwa na giza la mapazia. Alimsikiliza Mackrine mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilimfanya Mackrine akaribie kulia. Kahawa, kivuli, kilemba, chati ya zahanati, vyote.

"Chati ile ni herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe," alisema daktari. "Wenye shida kama yako wengi wanaisoma. Kabla hawajakutia matone nesi alikuonyesha karatasi nyingine, sivyo? Herufi zote kubwa, ila kila mstari umefifia kuliko wa juu yake."

"Ndiyo. Niliona mistari mitatu, kwingine kulikuwa kweupe."

"Hakukuwa kweupe, mama."

Akamwinamisha kwenye mashine, akaangalia ndani ya jicho moja kwa muda mrefu, kisha la pili. Akapiga picha. Alipomaliza alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Umejaa neva. Hizo ndizo zinazopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, neva zinaanza kufa moja moja, kimya, bila maumivu. Watu wanajua kisukari kinaharibu mishipa ya damu ya jicho, na wewe mishipa imeanza kuvuja vitone. Lakini neva zinaweza kuanza kuharibika mapema zaidi. Rangi zinafifia, mtu anapotea kwenye kivuli, na akipimwa kwa chati ya ukutani anaambiwa ni mzima."

"Kwa hiyo sikuwa mvivu."

"Hukuwa mvivu."

Mackrine alishika ukingo wa meza. "Zitapona?"

"Zilizokufa hazirudi. Sitakudanganya. Zilizobaki ni nyingi, na hizo ndizo tunazipigania. Utarudi baada ya miezi mitatu, tupige picha tena. Mishipa ikizidi kuvuja tutakuchoma mionzi kuzuia. Ila mionzi haitasaidia kitu kama sukari itabaki hapo kumi na tatu. Sasa niambie ukweli, unakula nini? Unakunywa nini?"

"Ndizi na maharage, ndizi kiasi. Mboga. Chai kavu, maji, maziwa kidogo. Na maji ya ndizi."

"Maji ya ndizi?"

"Yasiyochachuka. Pombe situmii, nimeokoka. Mume wangu ananikamulia."

"Kiasi gani?"

"Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kile kikubwa cha bati. Jumapili vitatu."

Daktari aliweka kalamu mezani. Alivua miwani, akajisugua macho kwa vidole viwili.

"Mama Mackrine, kikombe kile kimoja ni kama vijiko kumi vya sukari."

Nje nesi alikuwa anaita majina.

"Miaka sita nakunywa chai chungu," alisema Mackrine.

"Najua."

"Sikula keki ya mwanangu! Kila mwezi wananiuliza, unatumia sukari? Najibu situmii. Wananiambia mwongo. Unakunywa pombe? Sinywi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza unakunywa nini kingine! Hata mmoja!"

"Ulijibu ulichoulizwa."

"Nilijibu kweli tupu!"

Hasira ilimpanda, na haikujua pa kukaa. Ilikwenda kwa Novatus na haraka zake, ikaenda kwa Nolasco na mikono yake miwili, ikajirudia yeye mwenyewe, mtu mzima ambaye ulimi wake ulijua utamu lakini kichwa kikasema siyo sukari kwa sababu haikutoka dukani. Mwisho ikapanda juu. Bwana, alisema moyoni, kila Jumamosi ulikuwa unanitazama nikinywa. Hukuweza kunigusa hata bega? Akaogopa alichokisema, akaomba msamaha, kisha akaona bado anakimaanisha.

Alipewa kadi ya kurudi, akafunguliwa mlango. Jua la saa saba lilimpiga usoni kama maji ya moto. Yale matone yalikuwa yameyapanua macho yake kama milango isiyofungika, na dunia yote ilikuwa nyeupe, inawaka, haina mtu wala mti. Alinyoosha mikono, akapapasa, akapata ukuta, akaung'ang'ania.

"Mama Asiimwe! Unakwenda wapi? Huo ni ukuta!"

"Najua ni ukuta. Ndiyo maana nimeushika."

Alisikia viatu vya Nolasco vikija haraka, kisha vikasimama. Kitu kilipita mbele ya uso wake.

"Huu ni mkono wangu. Unauona?"

"Naona kitu kinachotikisika."

Mkono ule ukashika wa kwake. Hakuwa ameshikwa mkono na mumewe mbele za watu tangu siku ya ndoa yao, na hata siku hiyo ni mchungaji aliyeamuru.

"Wamekufanya nini?" Sauti ya Nolasco ilikuwa nyembamba. "Ulikuja unaona. Mungu wangu. Ulikuja unaona, na mimi nipo kwenye miche. Umepofuka kweli. Ulisema, na mimi nikasema ni uvivu. Bwana nisamehe. Mama Asiimwe, nisamehe. Hutachuma tena. Nitachuma mwenyewe, nitaweka vibarua, wewe utakaa uwanjani. Nitakupeleka kila kliniki. Ukiniambia kitu sitabisha."

Mackrine alisikiliza. Mwaka mzima alikuwa ameomba maneno hayo, na sasa yalikuwa yanamwagika bila hata kuombwa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Jioni macho yangerudi yenyewe, angesema ni neema, na ahadi zingekuwa zimekwisha kutolewa mbele ya ukuta wa hospitali. Sitasema uongo, alijiambia, nitakaa kimya tu. Lakini ukimya wa namna hiyo aliujua. Alishawahi kuutubu.

"Tukifika nyumbani," Nolasco aliendelea, "nitakukamulia maji ya ndizi. Siyo Jumamosi tu. Kila siku, upate nguvu."

"Ishia hapo."

"Nini?"

"Ishia hapo, Baba Asiimwe. Sijapofuka. Ni dawa waliyonitia ili waone ndani. Jioni inakwisha."

Mkono ukamwachia. "Inakwisha? Utaona?"

"Nitaona kama nilivyokuwa naona."

"Kumbe!" Alivuta pumzi ndefu, na kabla hajaitoa yote furaha yake ya siku zote ilikuwa imesharudi. "Kumbe ni mazima! Si nilisema? Umenitisha bure mbele za watu!"

"Yesu wangu," alisema Mackrine. Aligeuza uso kuelekea sauti. "Siyo mazima. Neva za nyuma zinakufa, kwa sababu ya sukari. Juani naona, kivulini sioni, na zilizokufa hazirudi. Daktari ameeleza vizuri kabisa, ila mtu aliyekuja kusikia kwa masikio yake hakuwepo."

"Lakini ulisoma herufi zote. Mimi nilikuwepo. Sasa nitajuaje, Mama Asiimwe? Mimi nitajuaje?"

"Hutajua! Hutakuja kujua, kwa sababu ni macho yangu, siyo yako. Mungu hujamwona hata siku moja, na kila Jumapili unasimama mbele ya watu, mzee wa kanisa, unasema unamwamini. Mimi umelala nami miaka thelathini na minne. Nakwambia kitu kimoja, unataka kwanza uone."

"Usichanganye mambo ya Mungu na kahawa."

"Nimeyachanganya."

Mtu kwenye benchi akakohoa kuficha kicheko. Nolasco alishusha sauti. "Na hiyo sukari inatoka wapi, wakati hutumii?"

Hili ndilo alilokuwa analiogopa. Angeweza kulitupa kama jiwe, na kiasi fulani alitamani. Badala yake alilisema polepole.

"Inatoka kwenye maji ya ndizi."

"Yale?"

"Yale. Kikombe kimoja, vijiko kumi."

"Ninayokamua mimi?"

"Hayo."

Mackrine alinyoosha mkono kuhakikisha kama bado yupo.

"Huyo ni daktari aliyesema, au ni wewe?"

"Mlango ule pale. Nenda ukamuulize."

Alidhani angebisha. Akasikia viatu vikiondoka. Akasikia kelele za watu wa benchi: "Mzee, foleni! Mzee, na sisi ni wagonjwa!" na sauti ya Nolasco ikisema yeye siyo mgonjwa, yeye ana neno moja tu, jamani, neno moja. Mlango ukafungwa. Mackrine alibaki na ukuta wake, jua likimchoma mboni, akiwaza kwamba ameachwa tena, na safari hii akiwa kipofu wa kweli. Akaomba. Hakuomba macho. Aliomba daktari awe mkali.

Nolasco alipotoka hakuita jina lake. Alikuja akasimama karibu, bega kwa bega, mgongo ukutani.

"Vijiko kumi," alisema.

"Nilikwambia."

"Daktari amesema urudi tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi na moja. Nimeiandika kwenye simu. Amenipa ile karatasi. Yenye herufi zinazofifia. Nimesoma mpaka chini kabisa. Kisha akaniuliza, unajua mkeo alisoma mpaka wapi?"

"Ukajibu nini?"

"Ningejibu nini, mimi nilibaki kwenye benchi. Ulisoma mpaka wapi?"

"Mstari wa tatu."

"Iko minane, Mama Asiimwe."

"Kwangu mimi iko mitatu."

Hakubisha. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima hakubisha, na Mackrine, aliyekuwa amejiandaa kwa jibu lake, hakujua afanye nini na maneno yaliyobaki mdomoni. Nolasco akauchukua mkono wake, akaupitisha kwenye kiwiko chake, akaanza kumwongoza kuelekea barabarani, kwa haraka mno, kama mtu anayevuta mbuzi.

"Polepole!"

"Polepole, ndiyo. Hapa kuna ngazi."

"Ngapi?"

"Mbili."

Zilikuwa tatu. Mackrine aliyumba, akamdaka shingoni, kadi ikaanguka, na watu wa benchi wote wakasema pole kwa pamoja.

"Hesabu vizuri, Baba Asiimwe!" alisema akihema. "Kama ndiwe utakayeniangalizia, hesabu vizuri!"